Ati radi hutoa miale ya gama? Kuna dau la sinia la biriani hapa

#1 Kipepeo wa Kisauni
Jamani salamu. Jana usiku mvua ilitukuta barazani kwa kina mke wangu, Mji wa Kale. Stima ikapotea, tukabaki na tochi ya simu na kahawa. Radi ikapiga upande wa bahari mpaka vikombe vikagongana. Mimi kwa kiherehere changu nikasema radi hutoa miale ya gama, hiyohiyo ya bomu la nyuklia. Shemeji yangu akanicheka mbele ya watu. Anasema gama hutoka kwenye nyota zinazokufa na kwenye madini kama urani, na kwamba radi ni stima tu, "tena stima isiyo na mita". Tumepingiana: atakayeshindwa anapikisha biriani ya mbuzi, sinia la watu wanane. Shahidi ni muuza kahawa.

Wenye elimu nisaidieni, na msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kama nimekosea nijue mapema nianze kuweka akiba.

#2 Tumbo Mbele
Nimefika. Biriani ni lini?

#3 FundiStima
Shemeji yako ana haki. Nimepanda nguzo miaka kumi na saba, radi naijua. Chaji hujikusanya winguni, ikizidi hupasua hewa. Njia inapopita hupata joto la kama digrii 30,000, hewa inatanuka kwa ghafla, ndiyo ngurumo mnayoisikia. Joto hilo linatoa mwanga, hata urujuanimno. Gama haifikii hata robo ya njia. Gama ni kazi ya kiini cha atomu. Weka akiba ndugu yangu.

#4 Picha za Mifupa
Fundi, kwenye joto umesema kweli, ulipomalizia ndipo ulipoteleza. Mimi kazi yangu ni chumba cha eksirei, na humo ndani hakuna urani hata punje. Mashine inachukua elektroni, inazisukuma kwa volti kama laki moja, inazibamiza kwenye chuma. Elektroni ikikatizwa mbio ghafla, ile nguvu yake inatoka kama mwale. Hakuna kiini kilichovunjika hapo, ni breki tu.

Sasa niulize: wingu la radi lina volti ngapi? Si laki. Ni mamilioni kwa mamia. Elektroni ikipata mbio humo kisha ipite karibu na kiini cha naitrojeni, ni breki ileile, ila mwale unaotoka ni mkubwa zaidi. Gama inayopimwa kutoka mawinguni hufika elektroni-volti (kipimo cha nguvu ya mwale) milioni 20 na kuendelea. Kobalti 60, ile iliyokuwa ikitumika kuchomea saratani, miale yake ni milioni 1.17 na 1.33. Kwa hiyo Kipepeo naye amekosea kidogo: mwale mmojammoja wa radi unaweza kuushinda ule wa madini.

#5 Shemeji Mwenyewe
Ndiye mimi. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu tu, maana naona mtu anatafuta mawakili. Swali langu jepesi. Nani ameipima? Si "inaweza", si "ikipata". Nani alishika kipimo?

#6 Bint Mvita
Karibu shemeji wa watu. Kilishikwa, tena kwa bahati. Mwaka 1991 NASA walirusha setilaiti iitwayo Compton, na kifaa chake kimoja, BATSE, kilikuwa kinasubiri milipuko ya gama kutoka mbali huko angani. Mara wakaanza kupata vimiale vifupi ajabu, vya sehemu moja ya elfu ya sekunde au zaidi kidogo, na vilikuwa vinatoka *chini*, upande wa dunia. Wakalinganisha na picha za hali ya hewa: chini yao kuna mawingu ya radi. Gerald Fishman na wenzake wakachapisha 1994. Katika miaka tisa kifaa kile kilipata kama 76 tu, kwa sababu hakikutengenezwa kwa kazi hiyo.

#7 Kamusi ya Mtaa
Hapana Bint. Milipuko ya gama iligunduliwa na setilaiti za kijasusi za Marekani, Vela, 1967. Zilikuwa zinachunga Wasovieti wasijaribu mabomu kwa siri.

#8 Bint Mvita
Kamusi, umechanganya nazi na embe. Vela walipata ile ya *angani*, ikatangazwa 1973, na hiyo ndiyo ya nyota za shemeji. Hii ya radi ni kitu kingine, jina tu ndilo linafanana. Ile ya nyota inasafiri mabilioni ya miaka, hii inatoka kilomita kumi hadi kumi na tano juu ya kichwa chako.

#9 Shemeji Mwenyewe
Kwa hiyo nyota ni kweli. Andikeni hapo: nyota ni kweli.

#10 Tumbo Mbele
Nusu sinia kwa shemeji.

#11 Mzee wa Ngomeni
Watoto, mnazungumza kama kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Mimi nimezaliwa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ile minara ya chuma ya Wataliano baharini, San Marco, tulikuwa tukiipitia na ngalawa. Tarehe 12 Desemba 1970 walirusha setilaiti kutoka pale, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu wakaiita Uhuru. Hiyo ilikwenda kupima gama. Nilikuwa mdogo, marehemu baba alitubeba mpaka ufuoni, moto ukapanda, maji yakawa mekundu. Samaki hawakupatikana siku ile.

#12 Bint Mvita
Shikamoo mzee. Nikusahihishe kwa adabu: Uhuru ilipima eksirei, ya kwanza duniani kwa kazi hiyo. Ya gama ilirushwa palepale Novemba 1972, iliitwa SAS-2. Na zote mbili zilitazama angani, si mawinguni.

Lakini umenikumbusha jambo tamu. Mwaka 2007 Wataliano walirusha setilaiti AGILE kutoka India, na kituo chake cha kupokea habari kilikuwa hapahapa Malindi. Ilizunguka juu ya ikweta, kila dakika tisini na kitu inapita, inamwaga data Malindi, inakwenda zake. Ikweta ndiko kwenye radi, basi ikavuna miale ya radi kwa wingi. Ni hao waliosema 2011 kwamba baadhi inafika elektroni-volti milioni 100. Ikaungua ikirudi hewani Februari 2024.

#13 Mzee wa Ngomeni
Marahaba. Eksirei, gama, mimi niliona moto. Samaki hawakupatikana.

#14 FundiStima
Nirudi kwa Picha za Mifupa. Ndani ya mashine yako mmetoa hewa yote, elektroni inakimbia kwenye utupu. Winguni kuna hewa tele. Elektroni ikienda sentimita moja imeshagongana na molekuli maelfu kwa maelfu. Itapataje mbio? Hiyo ndiyo sababu waya wetu hauhitaji plastiki kule juu ya nguzo, hewa yenyewe ni kizuizi.

#15 Mwalimu wa Fizikia, Changamwe
Swali zuri kuliko yote hapa, na liliulizwa karne iliyopita. Mskochi mmoja, C.T.R. Wilson, aliyepata Nobel 1927, aliandika 1925 kwamba ndani ya wingu la radi elektroni zinaweza kutoroka. Nieleze kwa soko la Kongowea.

Ingia Kongowea taratibu. Muuza nyanya anakushika mkono, muuza mchicha anakuita mteja, mwenye viatu anakuzuia njia. Hutoki. Sasa ingia ukiwa tayari unakimbia kwa kasi kali. Nani atakushika? Hawakuoni vizuri, umeshapita. Elektroni nayo ni vivyo hivyo: ikiwa ya polepole hewa inaizuia sana, lakini ikivuka kasi fulani, kadiri inavyokwenda mbio ndivyo hewa inavyoizuia *kidogo*. Na nyuma yake uga wa umeme wa wingu unaendelea kuisukuma. Ikigonga elektroni nyingine vizuri, nayo inaanza kukimbia. Zikawa mbili, nne, nane. Kama mtu amepiga kelele "mwizi!" katikati ya soko. Kwa Kiswahili cha darasani nayaita maporomoko ya elektroni. Mrusi Gurevich na wenzake waliyapigia hesabu 1992, miaka miwili kabla ya BATSE kutangazwa.

#16 FundiStima
Na huyo wa kwanza anayekimbia, nani alimpa mbio?

#17 Mwalimu wa Fizikia, Changamwe
Hapo ndipo ugomvi wa wenye fani unapoanza. Kundi moja linasema mbegu inatoka angani: chembe za kosmiki zinatupiga kila sekunde, zinagonga hewa, zinaacha elektroni zenye mbio tayari. Wengine wanasema hapana, mbegu hizo ni chache mno kwa wingi wa gama unaoonekana. Ncha ya radi yenyewe, inapotambaa winguni hatua kwa hatua, ina uga mkali kiasi cha kuchomoa elektroni za kawaida na kuzirusha. Kuna Joseph Dwyer wa Marekani naye, 2003 alikuja na wazo kwamba maporomoko yanajizalia mbegu: gama na positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya) zinarudi nyuma, zinaanzisha maporomoko mapya, mpaka wingu linajimaliza chaji. Kila kundi lina vipimo vyake. Mimi naegemea ncha ya radi, lakini simpi mtu shilingi kumi kwa hilo.

#18 Picha za Mifupa
Mimi niko na Dwyer. Mlipuko mfupi namna ile unahitaji kitu kinachojilisha chenyewe.

#19 Mwalimu wa Fizikia, Changamwe
Utakula ulichopika.

#20 Nahodha wa Mtwapa
Nami nina kisa. Mwezi wa Novemba, tuko nje ya mwamba tunavua, wingu jeusi limetukalia. Nywele za mikono zikasimama. Juu ya mlingoti kukawaka kitu cha rangi ya zambarau, kinasikika kama kaanga ya mafuta, na mlingoti hauungui. Tukalala chini kwenye mashua tukisoma tunavyovijua. Hiyo ndiyo gama?

#21 Mwalimu wa Fizikia, Changamwe
Siyo, nahodha. Gama haionekani kwa jicho. Ule ni umeme unaovuja polepole kwenye ncha ya mlingoti, na kama uliuona basi radi ilikuwa inatafuta pa kushukia. Mlifanya vyema kulala chini.

#22 Bibi Alisema
Bibi yangu Mtongwe radi ikipiga anafunika kioo cha kabati kwa kanga, na hakuna kuvaa nyekundu. Kanga inazuia gama?

#23 Picha za Mifupa
Sisi tunavaa aproni ya risasi kwa eksirei, na kwa gama ya milioni 20 hata hiyo ni kama kanga ya bibi. Kinachokuokoa wewe ni hewa. Gama ya namna ile hupungua sana kila baada ya mita mia chache za hewa hii nzito ya usawa wa bahari. Kutoka kilomita kumi juu mpaka Mtongwe hakifiki kitu. Ndiyo maana setilaiti zinaiona na sisi hatuioni: kwenda juu hewa ni nyepesi.

#24 Mkisii wa Port Reitz
Nyinyi watu wa Pwani mna radi za kuhesabu, mnazipigia uzi. Njooni Kisii au Kakamega muone. Shule yetu ilipigwa mara mbili muhula mmoja, na wazee wakakaa kikao kutafuta ni nani aliyeituma. Jirani mmoja alihama kwa sababu ya kikao kile, si kwa sababu ya radi. Hizi gama zenu kweli si ziko kwetu zaidi?

#25 Bint Mvita
Ziko kwenu zaidi, na kwa jirani zaidi ya kwenu. Ramani za gama hii zinafuata ramani za radi: Afrika ya kati upande wa Kongo, Amerika ya kati na Karibi, visiwa vya Asia ya kusini-mashariki.

Mkisikia hii mtaacha kunywa kahawa. Tarehe 14 Desemba 2009 setilaiti Fermi ilikuwa juu ya Misri. Chini yake hakuna wingu la radi. Ikapigwa na chembe kutoka radi iliyokuwa *Zambia*, kilomita kama 4,500 kusini, nyuma ya upeo kabisa. Gama inakwenda moja kwa moja kama mwanga, haiwezi kuzunguka dunia. Basi nini kilifika? Elektroni na positroni. Zile gama za Zambia zilipopanda zilizaa chembe hizo, zikashikwa na mstari wa sumaku wa dunia, zikateleza juu yake kama shanga kwenye uzi mpaka Misri. Positroni zikagonga chuma cha setilaiti na kumalizana na elektroni, zikaacha alama yake ileile, elektroni-volti 511,000. Yaani radi ya Zambia ilitengeneza antimata, na ikafika Misri bila pasipoti.

#26 Tumbo Mbele
Na mimi Likoni feri inanichukua saa nzima.

#27 Kamusi ya Mtaa
Hesabu basi. Radi duniani ni kama 44 kwa sekunde, kwa siku ni milioni 3.8. Watu wa Fermi walikisia 2011 gama hizi ni kama 500 kwa siku. Ni radi moja kati ya 7,600. Kwa hiyo Kipepeo aliposema "radi hutoa gama" alisema uongo mara 7,599.

#28 Shemeji Mwenyewe
Kamusi, njoo nikununulie madafu.

#29 Bint Mvita
Makisio hayo waliyapandisha wenyewe 2012 mpaka kama 1,100. Na hizo ni zile kali zinazoonekana kutoka juu.

#30 Mhudumu wa Angani
Nimesoma kimya mpaka hapa. Mimi kazi yangu ni ndani ya ndege, Nairobi–Mombasa na kwingineko. Mwaka juzi tukishuka juu ya Voi tulipigwa radi: kishindo, mwanga mweupe, harufu ya kitu kuungua, abiria mmoja akaanza kutubu kwa sauti. Tulitua salama, fundi akatuonyesha kijitundu puani mwa ndege, kama pesa ya shilingi. Mliposema kilomita kumi hadi kumi na tano nilishtuka. Hiyo ndiyo ofisi yangu.

#31 Picha za Mifupa
Pole dada. Ndege kwa wastani hupigwa radi kama mara moja kwa mwaka, na kupigwa na radi si kupigwa na gama. Dwyer na wenzake walipiga hesabu: ndege ikiwa palepale kwenye kiini cha maporomoko, abiria wanaweza kupata sawa na picha 400 za kifua kwa kufumba na kufumbua. Ni hesabu ya karatasi ya hali mbaya kabisa, hakuna abiria aliyepimwa hivyo. Na rubani wako ana rada, mawingu yale anayazunguka kwa sababu ya mtikisiko na mvua ya mawe kabla hata ya kufikiria gama.

#32 Mhudumu wa Angani
Asante. Kuanzia leo akizunguka sitanung'unika kuchelewa.

#33 Asiyeamini Kitu
Japani walisema walipata gama ya radi karibu na kinu cha nyuklia. Karibu na kinu! Kinavuja, wanasingizia mawingu.

#34 Mwalimu wa Fizikia, Changamwe
Kashiwazaki, 6 Februari 2017. Vipimo viliwekwa vinne, na vilionyesha ile 511,000 ya positroni ikidumu kama dakika nzima baada ya radi, kisha ikafifia. Maelezo ya kina Enoto, watafiti wa kulekule Japani: gama ilikuwa kali hata ikang'oa nyutroni kwenye naitrojeni ya hewa, ikabaki naitrojeni 13, ambayo nusu yake huoza kwa dakika kumi na kutoa positroni. Kinu kinachovuja hakisubiri radi ipige. Na kule mawingu ya baridi yako chini mno, ndiyo maana ilifika ardhini.

FundiStima, umeona? Radi ilivunja kiini. Ulisema gama ni kazi ya kiini. Hapa kiini ni kazi ya gama.

#35 FundiStima
Nimeona. Nimenyamaza. Ila sijasema nimeshindwa.

#36 Shemeji Mwenyewe
Sasa nisikilizeni, maana leo nimesoma kuliko nilivyosoma kidato cha nne. Julai 2023 NASA na chuo cha Bergen, Norwei, walirusha ndege ya ER-2, inayoruka kilomita 20, juu ya mawingu ya Karibi na Amerika ya kati. Safari kumi. Matokeo yakatoka Oktoba 2024. Waliona mawingu yanang'aa gama kwa saa nzima nzima, maeneo ya maelfu ya kilomita za mraba, yanachemka kama sufuria. Na wakaona aina mpya, mimeto ya gama inayowaka na kuzima, *bila mwanga wala redio ya radi* wakati ule. Nyingi ndipo baadaye zikafuatwa na radi.

Bwana Kipepeo hakusema "wingu hutoa gama". Alisema radi. Muuza kahawa ni shahidi. Inayotoa ni wingu, radi inafuata nyuma kama mkia.

#37 Kipepeo wa Kisauni
Haki shemeji, umekuwa wakili!

#38 Bint Mvita
Kisheria ana hoja. Lakini ile mifupi, ya BATSE, inakwenda pamoja na radi kabisa; kifaa cha ASIM kilichofungwa kwenye kituo cha anga 2018 kiliona gama na mwanga wa radi vikifuatana kwa tofauti ndogo mno.

#39 Picha za Mifupa
Na nani amesema wingu haliwezi kumwashia radi moto? Uga unaopimwa winguni kwa maputo mara nyingi haufiki hata sehemu ya kumi ya ule wa kupasua hewa kavu. Radi inaanzaje basi? Wengine wanasema ni haya maporomoko yanaifungulia mlango. Kwa hiyo huenda gama ni mama wa radi, si mtoto.

#40 Mwalimu wa Fizikia, Changamwe
Au ni barafu. Vipande vya barafu winguni vina ncha, na kwenye ncha uga unakuwa mkali. Msikimbilie.

#41 FundiStima
Ahaa, ncha! Hiyo naijua mimi. Naunga mkono barafu.

#42 Mzee wa Ngomeni
Dau liamuliwe na muuza kahawa, ndiye aliyesikia neno.

#43 Kipepeo wa Kisauni
Nimetoka kumuuliza. Anasema mimi nilisema "radi", lakini wakati nasema nilikuwa nanyoosha kidole kwenye wingu.

#44 Shemeji Mwenyewe
Amenunuliwa huyo. Nanunua mchele, wewe nunua mbuzi. Viazi tutazungumza.

#45 Tumbo Mbele
Mimi naja na ndimu na pilipili. Siku gani?

#46 Kipepeo wa Kisauni
Jumapili ikiwa hakunyeshi. Kisauni hapa stima imepotea tena, simu ina asilimia tisa. Upande wa Shanzu kunamulika. Nimehesabu kumi na mbili mpaka ngurumo, iko kama kilomita nne.